Gharama Iliyofungwa kwenye Pindo la Kanga

Karatasi zilikuwa kumi na saba. Dada wa mgonjwa alizifungua kutoka kwenye pindo la kanga yake, akazinyoosha moja moja juu ya shuka kwa kiganja, kisha akasogea pembeni ili mjomba aeleze, kwa kuwa katika familia nyingi za huku kwetu Mtwara na Lindi, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mjomba ndiye huulizwa kabla ya kuuzwa chochote. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa makamo kutoka upande wa Newala, mwenye homa za jioni na jasho la usiku kwa wiki saba, na suruali aliyoikaza kwa kamba ya katani. Nilizihesabu karatasi zile: Widal, yaani kipimo cha taifodi, nne, mkojo mara tano, malaria mara tatu, picha kamili ya damu mara mbili, altrasaundi ya tumbo moja, na stakabadhi mbili za dawa. Katika wiki zote hizo hakuna aliyeagiza makohozi. Yalipopelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, majibu yalirudi kesho yake: kifua kikuu. Kipimo hicho, pamoja na dawa za miezi sita zinazofuata, hutolewa bure katika vituo vya umma nchini. Familia ilikuwa imekwisha kuuza korosho kwa kangomba, yaani kabla ya msimu na kwa bei anayoitaka mnunuzi, ili kulipia vipimo visivyoweza kujibu swali la mgonjwa yule, ilhali kile kilichoweza kulijibu hakikuwa na bei.

Ninaanza na karatasi hizo kwa sababu mjadala wa gharama za matibabu nchini hupenda kukaa juu. Tunajadili Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, tunajadili kitita cha mafao cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kilichozua mvutano na hospitali binafsi mwezi Machi 2024, tunajadili nani apelekwe Muhimbili na nani abaki Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Mijadala hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, kwa aliyekaa miaka kadhaa katika wodi za magonjwa ya ndani, zenye mchanganyiko wake wa presha, kisukari, nimonia, figo na homa zisizojulikana, ni dhahiri kwamba sehemu kubwa ya fedha za mgonjwa haimezwi na mashine kubwa, bali humegwa na vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviona kuwa ni gharama: kipimo cha shilingi elfu chache, chupa ya maji, sindano ya asubuhi na jioni, kidonge cha tumbo kilichoandikwa kwa mazoea. Hoja yangu ni kwamba vingi kati ya hivyo havimsaidii mgonjwa. Kwamba ushahidi wa kuviacha tunao tayari, na sehemu yake umetoka katika wodi za majirani zetu. Na kwamba daktari anayehesabu gharama kwa haki atajikuta mara nyingine anaongeza matumizi badala ya kuyapunguza.

Wapo wanaoamini kwamba tiba inayofuata ushahidi ni anasa ya nchi zenye maktaba kubwa. Jina lake, ni kweli, lilianzia huko: Gordon Guyatt wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, ndiye aliyelitumia katika maandishi mwaka 1991. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko jina. Archie Cochrane, daktari Mskoti aliyelipigania kuliko wengi, alifanya jaribio lake la kwanza mwaka 1941 akiwa mfungwa wa vita wa Wajerumani huko Salonika, Ugiriki, mahali palipokosa dawa na chakula. Wafungwa walikuwa wakivimba miguu. Alichukua wagonjwa ishirini, akawatenga katika vyumba viwili, kumi akawapa hamira na kumi akawapa vitamini C, kisha akawafuatilia kwa kuandika kila siku. Siku chache baadaye waliopewa hamira walianza kupata nafuu, naye akaenda na maandishi yake kwa wakubwa wa kambi kudai hamira zaidi, ikaletwa. Mtu huyu, ambaye ujanani aliandamana London akiwa na bango lililodai kwamba tiba yote yenye manufaa itolewe bure, hakuwahi kutenganisha swali la kwamba dawa inafanya kazi au haifanyi na swali la kwamba inastahili bei yake au haistahili. Neno lililobeba uzito katika bango lile ni "yenye manufaa". Hospitali inayogharimia kisichofanya kazi hulazimika kukinyima fungu kile kinachofanya kazi, na maskini ndiye wa kwanza kukosa.

Turudi kwenye zile Widal nne. Mtaani kuna utani kwamba Mtanzania mwenye homa hatoki maabara bila malaria, taifodi au UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na mwenye bahati hupewa vyote vitatu. Utani huo una mzizi. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, hakimtafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hizo mtu anaweza kuwa nazo kwa sababu aliwahi kuugua zamani, kwa sababu alichanjwa, au kwa sababu mwili wake ulikutana na bakteria wengine wa jamii inayofanana. Watafiti waliokipima kwa watoto waliolazwa katika hospitali ya Muheza, mkoani Tanga, wakilinganisha majibu yake na damu iliyooteshwa maabara ili kumpata bakteria mwenyewe, walichapisha mwaka 2010 kwamba taifodi ya kweli ilikuwa takriban asilimia 1 ya watoto hao, na kwamba kati ya majibu chanya ya Widal ni asilimia 26 tu yaliyokuwa sahihi. Kwa maneno mengine, katika kila majibu manne yaliyosema "ndiyo", karibu matatu yalikuwa ya uongo. Ikumbukwe kwamba hiyo ilikuwa Widal ya mirija, iliyofanywa kwa utulivu wa utafiti, na si tone juu ya slaidi linalosomwa kwa haraka katika chumba chenye foleni mlangoni.

Kinachofanya kipimo hicho kiwe ghali si ile bei iliyoandikwa ubaoni. Ni mlolongo unaofuata. Jibu chanya huleta sindano au vidonge vya siku kumi, dawa zikiisha na homa ipo mgonjwa hurudishwa kupimwa tena, kingamwili bado zipo, taifodi huambiwa imekuwa "sugu", dawa hubadilishwa kwa iliyo kali zaidi, na katikati ya mzunguko huo ugonjwa halisi unaendelea kula. Mgonjwa wa Newala hakupoteza fedha za vipimo vinne tu. Alipoteza wiki saba, na pengine aliambukiza waliokuwa wakilala naye chumba kimoja. UTI nayo hufuata njia hiyo hiyo: mkojo ukionyesha chembe nyeupe mbili tatu kwa mtu asiye na dalili yoyote ya njia ya mkojo, maandishi "UTI" huingia kwenye faili na hayatoki. Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa huko Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta taifodi kwa asilimia 3.7 na maambukizi ya njia ya mkojo kwa asilimia 5.9, huku asilimia 70.5 ya watoto wakiwa na ugonjwa wa virusi. Ni watoto, wa kliniki za nje, wala siwachukui kuwa picha kamili ya mtu mzima aliyelazwa. Lakini umbali kati ya tarakimu hizo na tunayoyaandika kwenye mafaili ni mkubwa mno kuelezwa kwa tofauti ya umri.

Kuhusu malaria sharti nijizuie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ushahidi wa mbali huweza kumdanganya daktari wa Kusini. Utafiti mashuhuri wa Moshi, uliofuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa mwaka 2007 na 2008, ulionyesha kwamba 528 kati yao waliandikiwa malaria na madaktari, ilhali waliokuwa na malaria kama chanzo halisi cha homa walikuwa 14. Ni takwimu inayotikisa, lakini Moshi si Mtwara. Mikoa yetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, na ninayemwona leo Tandahimba au Kilwa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo kuliko aliyelazwa chini ya Mlima Kilimanjaro. Kosa letu lina sura nyingine: mtu mzima aliyekulia kwenye mbu anaweza kutembea na vimelea vichache damuni, akapalilia na kuokota korosho, asiumwe. Akipata nimonia na kupimwa kwa mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, kipimo kitasema kweli kwamba vimelea vipo, na daktari ataelewa vibaya kwamba homa imepata mwenyewe. Zaidi ya hapo, mRDT nyingi zinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona. Kwa hiyo kipimo kile kile chenye jibu lile lile kina maana tofauti Moshi na Masasi, na ndiyo maana siamini mwongozo wowote unaomwambia daktari afuate majibu bila kuuliza mgonjwa ametoka wapi. Huku kwetu malaria chanya hutibiwa, na kifua husikilizwa vile vile.

Baada ya vipimo huja dripu. Mgonjwa ambaye hajatundikiwa chupa huona kwamba hajalazwa, ameegeshwa tu, na ndugu wanaokuja kumjulia hali huulizana kwa sauti ya chini mbona hana hata maji. Bibi mmoja wa Mikindani aliwahi kuniambia, baada ya kuitikia shikamoo yangu, "Mjukuu wangu, kitanda umenipa, sasa nipe na tiba," ilhali vidonge vyake vilikuwa mezani na alikuwa amekwisha kunywa uji vikombe viwili. Simlaumu bibi. Imani ile tumeilea sisi.

Kwa mgonjwa mwenye maambukizi makali yaliyosambaa mwilini na presha iliyoshuka, dunia ya tiba ilifundishwa kuanzia mwaka 2001, kutokana na utafiti uliofanyika Detroit, Marekani, kwamba utaratibu wa haraka wenye maji mengi ndani ya saa chache za mwanzo huokoa maisha. Tuliusoma, tukauandika kwenye madaftari ya zamu. Mwaka 2011 ukaja utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na maambukizi makali, nao ukaonyesha kinyume: katika kundi lililomiminiwa maji ya kawaida ya chumvi kwa kasi, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa asilimia 10.5, na kwa wasiomiminiwa walikuwa asilimia 7.3. Wengine tulijifariji kwamba hao ni watoto. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya watu wazima kutoka Hospitali ya Chuo Kikuu jijini Lusaka, Zambia. Waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi walipata wastani wa lita 3.5 katika saa sita za kwanza, na wenzao waliotibiwa kwa mazoea ya wodi walipata lita 2. Waliofia hospitalini katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 48.1, katika kundi la pili, asilimia 33.

Tofauti hiyo inastahili kusomwa polepole. Wagonjwa wa Lusaka wengi wao waliishi na virusi vya UKIMWI, wodi haikuwa na mashine za kupumulia za kutosha, na maji yanayohamia kwenye mapafu ya mgonjwa wa Detroit hukutana na mashine, ilhali yale yanayohamia kwenye mapafu ya mgonjwa wa kwetu hukutana na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Hii haina maana kwamba maji ni sumu. Mwenye kipindupindu asiyepewa maji atakufa kabla ya jua kuzama, na mwenye kisukari kilichopanda hadi kupoteza fahamu anahitaji lita kadhaa. Maana yake ni kwamba chupa ya maji ni dawa kama dawa nyingine, ina kipimo chake na madhara yake, na kumtundikia mgonjwa wa nimonia anayekunywa uji ni kumtoza fedha kwa ajili ya kumwongezea hatari. Ona pia kwamba utafiti uliotuokoa na kosa hili umetoka katika nchi tunayopakana nayo, katika wodi inayofanana na yetu hadi harufu ya dawa ya kusafishia sakafu.

Kitanda cha nne kutoka dirishani, asubuhi moja ya mwezi Julai, kijana wa Nanyamba aliyelazwa kwa nimonia alikuwa ameketi na sahani ya ming'oko iliyochemshwa, akiichovya kwenye pilipili na chumvi, huku mkono wake wa kushoto ukiwa bado na sindano ya plastiki iliyozungushiwa plasta iliyoanza kuwa nyeusi. Ilikuwa siku ya tano. Homa ilikwisha siku ya pili, anapumua vizuri, anatembea hadi nje kuota jua, na bado seftriaksoni, sindano ya kuua bakteria, inachomwa asubuhi na jioni kwa sababu hakuna aliyerudi kwenye faili kuiondoa. Anayekula ming'oko anaweza kumeza vidonge. Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa za bakteria katika makundi matatu mwaka 2017, na seftriaksoni iko kwenye kundi la pili, la kutumiwa kwa tahadhari, kwa kuwa bakteria huizoea. Katika wodi zetu imekuwa kama chai ya saa nne. Kuna utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2021 ulioonyesha kwamba wagonjwa wa nimonia ya wastani waliotulia kufikia siku ya tatu hawakudhurika kwa kusimamishiwa dawa siku hiyo, wakilinganishwa na walioendelea hadi siku ya nane. Sidai tuige siku tatu hizo, kwa sababu mgonjwa wa Ufaransa aliye nyumbani anaweza kurudi hospitali kwa dakika ishirini na wa Nanyamba hawezi. Ninachodai ni kwamba siku ya pili au ya tatu mtu aulize: anameza? ametulia? Basi vidonge, na kesho nyumbani. Kila siku anayobaki kitandani bila sababu ina mtu wa pili aliyeacha shamba ili kumpikia, na hiyo haiandikwi kwenye risiti yoyote.

Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa kila aliyelazwa, hata asiye na historia ya vidonda vya tumbo, ni mazoea ya namna hiyo hiyo na haina haja ya maelezo marefu. Damu nayo ni hivyo hivyo: utafiti wa Canada wa mwaka 1999 kwa wagonjwa mahututi 838 ulionyesha kuwa kusubiri hemoglobini, yaani kiwango cha damu, ishuke chini ya 7 kabla ya kuongeza damu hakukuwa na madhara kuliko kuongeza ikiwa chini ya 10. Anayetoka damu kwa kasi au mwenye ugonjwa wa moyo ni suala jingine, lakini kwa wengine chupa isiyohitajika huwafanya ndugu wazunguke usiku wakitafuta wa kuchangia.

Najua pingamizi linalokuja, kwa kuwa nimelisikia kikaoni: kwamba haya ni maneno ya kuwafundisha vijana ubahili, na kwamba mgonjwa maskini ambaye tayari anapata kidogo sasa apunguziwe hata hicho. Pingamizi hili ni zito na halijibiwi kwa kejeli. Linajibiwa na kwinini. Sindano ya atesuneti ilipokuja ilikuwa ghali kuliko kwinini, na mtu anayehesabu bei ya chupa peke yake angeikataa. Lakini majaribio ya watu wa Asia, wengi wao wakiwa watu wazima, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha vifo vya malaria kali vikishuka kutoka asilimia 22 hadi 15, na yale ya watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kushuka kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Juu ya hayo kwinini ilidai dripu ya saa nne kila baada ya saa nane na ilishusha sukari ya mgonjwa usiku bila mtu kujua. Hapo ushahidi ulisema tumia zaidi, na nchi ikatumia zaidi. Deksamethasoni, kwa upande mwingine, ni dawa ya bei ndogo sana, na mwezi Juni 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba ilipunguza theluthi ya vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Bei ya juu haikuwa kigezo cha ubora, na ya chini haikuwa kigezo cha unyonge.

Kwa mantiki hiyo hiyo ningependa wodi za Kusini zitumie fedha zaidi katika kuotesha damu ya mgonjwa mwenye homa kali kabla ya sindano ya kwanza, katika oksijeni na kifaa kidogo cha kidoleni kinachoipima, na katika muuguzi wa kuhesabu pumzi za mgonjwa saa nane za usiku. Ningependa zaidi zitumike kabla mtu hajafika wodini. Mgonjwa wa presha anayekosa vidonge vya amlodipini vya mwezi mmoja kwa sababu msimu wa korosho umekwisha na fedha za mnada zimekwisha, hurudi kwetu na kiharusi, akalala wiki tatu, akapata vidonda vya mgongoni, na binti yake akaacha palizi kwa mwaka mzima. Huko ndiko gharama kubwa ya magonjwa ya ndani iliko, nayo haina hata mashine ya kulaumiwa.

Kwa nini basi mazoea haya yanadumu, wakati Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu upo, na nakala yake ya mwaka 2021 iko kwenye simu za vijana wengi? Daktari wa zamu mwenye wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwagusa huagiza vipimo mahali pa kugusa. Mfumo wa kompyuta umemwekea orodha ya kuweka tiki, na tiki ni rahisi kuliko kumvua mgonjwa shati na kusikiliza mgongo. Vikao vya asubuhi huuliza makusanyo ya jana, wala sishangai, kwa kuwa hospitali za umma hutegemea makusanyo hayo kununua baadhi ya dawa. Bima ikilipa kwa kila huduma, mwenye kadi huandikiwa vingi na anayelipa papo kwa papo huandikiwa vichache, hata wakiwa wamelala jirani wakiugua kitu kimoja. Nimeona hilo na limenisumbua kuliko Widal, kwa sababu linaonyesha kwamba wote wawili hawakuandikiwa kwa kuangalia ugonjwa. Mmoja aliandikiwa kwa kuangalia kadi na mwingine kwa kuangalia kanda mbili alizovaa.

Katika wodi moja tulijaribu utaratibu usio na gharama. Kabla ya kipimo kutumwa, aliyekiagiza husema kwa sauti, mbele ya raundi, atafanya nini kikirudi chanya na atafanya nini kikirudi hasi; majibu yakiwa mamoja, kipimo hakiendi. Mfamasia aliingia kwenye raundi siku mbili kwa wiki, na kazi yake ilikuwa kuuliza dawa ya sindano imefikisha siku ngapi. Vijana walilalamika wiki ya kwanza kisha wakaanza kukamatana wao kwa wao, na nadhani walifurahia kunikamata mimi zaidi. Walinikamata kwa haki. Nilikuwa na mgonjwa anayechomwa jentamaisini, dawa ya bakteria inayoweza kuumiza figo, nikaiona kreatinini yake, yaani kipimo cha figo, ya siku tatu nyuma iko vizuri, nikasema haina haja ya kurudiwa, tusimtoze mzee. Muuguzi ndiye aliyeona kwamba mkojo umepungua. Figo zilikuwa zimeanza kushindwa, na ingawa zilirudi baada ya dawa kusimamishwa, mzee alikaa wodini siku tisa ambazo kipimo kimoja kingezizuia. Ningejibu lile swali la raundi kwa dhati, ningejua kwamba jibu lingebadili dawa. Sikujiuliza, nilihurumia tu, na huruma isiyoulizwa maswali ilimgharimu kuliko tamaa.

Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kutoka Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na malori yakakwama upande wa pili wa maji. Hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo iliishiwa vitendanishi kadhaa, Widal ikiwa mojawapo, na ikachukua muda hadi shehena kufika hata baada ya barabara kupitika. Katika kipindi chote hicho wodini kwetu hakuandikwa mgonjwa hata mmoja wa taifodi. Wenye homa walipimwa malaria, wakasikilizwa vifua, wachache damu zao zikaoteshwa, wengine wakatoa makohozi, na waliopona walirudi makwao kwa njia waliyojia. Kisha boksi likashushwa, na maabara ikabandika tangazo mlangoni kwamba huduma imerejea. Nilipopita wodi ya wanaume jioni ya siku ile, tayari kulikuwa na taifodi wawili.